Forodha wamekataa bei ya mashine yangu ya mawese: nilipe tofauti, niweke dhamana au nikate rufaa?

#1 Mkamuzi wa Simbo
Wakuu, salamu kutoka Kigoma, mwisho wa reli. Naenda moja kwa moja.

Nimeagiza mashine ya kukamua mawese kutoka China kwa ajili ya kikundi chetu huku Simbo. Seti yenyewe ni kinu cha skrubu, tangi la kuchemshia, chujio na boksi la vipuri. Invoisi ni dola 8,600 FOB Qingdao (bei ya mzigo ukiwa bandari ya kule), nauli ya meli na bima dola 1,400, jumla CIF (bei pamoja na nauli na bima) dola 10,000. Mzigo umeshuka Dar, wakala akaingiza nyaraka, majibu yakarudi kwamba thamani imekataliwa na wao wanaiona 15,500. Barua hakuna. Nilichopata ni picha ya skrini ya kompyuta, wakala kaipiga kwa simu na kuirusha WhatsApp: mstari mmoja, na chini yake kiasi kipya cha kulipa.

Wakala anasema lipa tu, kila siku ikipita stoo inahesabu na kontena lina demareji yake, yaani tozo ya kulichelewesha. Mimi bei niliyoandika ndiyo niliyolipa. Kwa nini nilipie bei ambayo hakuna mtu aliyeniuzia? Na je, kuna njia ya kutoa mzigo kwanza halafu tugombane baadaye? Huku mikungu ya chikichi inaozea shambani, wanachama wananipigia simu asubuhi na jioni.

Nawasilisha.

#2 Gungu Boy
Pole mkuu. Lipa, chukua mzigo, mengine baadaye. Ukishindana na forodha, stoo itakula kuliko hiyo kodi. Halafu mashine za viwandani si ushuru sifuri? Wakipandisha thamani wewe inakuuma nini? Sifuri mara ngapi ni sifuri.

#3 Mtu wa Katosho
@Gungu Boy, mashine nyingi za sura ya 84 (sura ya mashine) kwenye kitabu cha ushuru cha Jumuiya ya Afrika Mashariki ni sifuri kweli, lakini hiyo ni sifuri ya ushuru wa forodha peke yake. VAT inakokotolewa juu ya thamani hiyo hiyo. Tozo ya reli nayo inatoka kwenye CIF. Tofauti ya mkuu hapo juu ni dola 5,500, na VAT ya asilimia 18 juu ya hizo ni dola 990 kabla hujaongeza kingine chochote. Kikundi cha wakulima dola 990 ni pesa ya kujengea banda la mashine. Hapo inauma.

#4 Wakili wa Mwanga
Mkamuzi, tulia, una haki kuliko wakala wako anavyokwambia.

Sheria inayotawala ni Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004. Kifungu cha 122 kinasema thamani itafutwe kwa kufuata Jedwali la Nne. Ukilisoma jedwali hilo, njia ya kwanza ni bei halisi iliyolipwa au inayopaswa kulipwa. Hiyo ikishindikana kwa sababu zinazotajika ndipo wanahamia kwenye bei ya bidhaa ile ile iliyoingizwa na mtu mwingine, kisha bidhaa inayofanana nayo, kisha kurudi nyuma kutoka bei ya kuuzia hapa nchini, kisha kujumlisha gharama za uzalishaji, na mwisho kabisa njia ya kubangaiza kwa kutumia akili na takwimu zilizopo. Zinakwenda kwa mpangilio. Hawaruki kutoka ya kwanza hadi ya mwisho kwa sababu mtu ana haraka ya kufunga faili.

Mambo mawili watu hawayajui. Moja, wakitumia bidhaa ile ile au inayofanana na wakakuta bei kadhaa, wanatakiwa kuchukua iliyo CHINI kuliko zote, na iwe imesafirishwa karibu na wakati wako, kwa wingi unaokaribiana na wako. Pili, hata kwenye njia ya mwisho kuna makatazo: hairuhusiwi kutumia bei ya chini iliyopangwa na serikali, wala kuchagua iliyo kubwa kati ya mbili, wala thamani ya kubuni.

Na hili la picha ya WhatsApp: kifungu hicho hicho cha 122 kinakupa haki ya kuomba kwa maandishi, nao wakueleze kwa maandishi thamani wameipataje. Anza na hapo. Leo, si kesho.

#5 Gungu Boy
Wakili umeandika vizuri lakini hayo ni ya WTO huko Geneva. Huku bandarini wana bei zao kwenye mfumo. Ukiingiza chini ya hiyo, taa nyekundu.

#6 Wakili wa Mwanga
Asili yake ni mkataba wa WTO, sawa. Ila baada ya kuingizwa kwenye Jedwali la Nne ni sheria yetu, hapa Kigoma na Bujumbura pia. Bei zilizo kwenye mfumo zina kazi yake. Shirika la Forodha Duniani limetoa mwongozo kwamba kanzi ya bei ni ya kupimia mashaka, si ya kuweka badala ya bei ya mtu. Taa nyekundu ina maana "tuulize", haina maana "tupandishe".

#7 Mstaafu wa Dawati
Nimesoma kimya, sasa niseme. Nimekaa upande wa pili wa kaunta hiyo miaka mingi.

Vijana, msiwafanye maofisa wote majambazi. Kwa mizigo ya aina hii, ofisa anakutana na invoisi za uongo kila siku ya kazi. Muuzaji wa kule anamwuliza mnunuzi kabisa, "Nikuandikie ngapi?" Unapata invoisi mbili zenye nembo ile ile, namba ile ile, bei tofauti. Kwa hiyo akiona 8,600 na kwenye kumbukumbu seti za namna hiyo zinaingia kwa 13,000 au 14,000, lazima aulize. Na akiuliza, anataka kuona pesa imepita wapi: TT ya benki (karatasi ya kutuma pesa nje), mkataba au oda, mawasiliano ya bei, orodha ya bei ya muuzaji, karatasi ya nauli. Invoisi peke yake haisimami.

Mkamuzi, TT yako inasoma ngapi?

#8 Mkamuzi wa Simbo
Shikamoo mzee wangu. Wakili, asante, barua ya kuomba maelezo naandika usiku huu.

TT ya benki inasoma dola 2,580, ndiyo asilimia 30 ya kuanzia. Iliyobaki alilipa ndugu yetu aliyeko Guangzhou kwa yuani moja kwa moja kiwandani, mimi nikamrudishia pesa kwa njia ya simu kupitia kwa mkewe aliyeko Ujiji. Risiti ya kiwanda ipo, ina muhuri mwekundu. Watu wote hapa mjini wanaoagiza wanalipa hivyo, sioni kosa liko wapi.

#9 Mstaafu wa Dawati
Marahaba. Basi hapo ndipo penye shida yako, mwanangu. Ofisa anaona dola 2,580 benki na risiti ya kichina yenye muhuri. Hana namna ya kujua ile nyingine ilikuwa 6,020 au 11,000.

#10 Dalali wa Kariakoo
Mimi naona tofauti na mzee #9. Wafanyabiashara kibao wanalipa kwa watu wa Guangzhou na mizigo inatoka bila kelele. Tatizo la wengi ni WAKALA. Umeiona tansadi yako, yaani fomu ya tamko la forodha, kwa macho? Si picha ya simu, tansadi yenyewe yote. Kuna mawakala wanaotengeneza invoisi yao wenyewe ili kodi ishuke, wewe wanakutoza ile ya juu, tofauti inabaki mfukoni. Mfumo ukikataa, mwenye mzigo ndiye anayelia.

#11 Wakili wa Mwanga
Dalali kagusa jambo zito. Kifungu cha 148 kinamfanya mwenye mzigo awajibike kwa matendo na matamko ya wakala aliyemruhusu. Na nyaraka ya uongo iko kifungu cha 203, hiyo ni jinai na si mabishano ya bei tena. Mkamuzi, omba tansadi kamili pamoja na kila kiambatanisho kilichopandishwa.

#12 Mama Vitenge Manyovu
Habari zenu. Niseme langu la mpakani.

Mimi natoa vitenge Bujumbura. Hapo siku hizi invoisi haiulizwi hata kidogo. Wanahesabu madoti, wanataja bei ya doti, basi. Niliwahi kumwonyesha ofisa risiti ya duka, akaniambia bei hiyo ya Burundi sio, angalia Kigoma sokoni doti linauzwaje. Nikalipa, maana gari la kukodi linasubiri na dereva kashaanza kupiga honi. Baadaye nasikia Burundi ni Jumuiya moja nasi, tena kuna cheti cha asili kilichorahisishwa kwa mzigo usiozidi dola 2,000. Mbona mimi sikupewa?

#13 Mtu wa Katosho
Mama, cheti hicho ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Maharage ya Burundi, sawa. Vitenge vilivyotoka China vikapita Bujumbura vinabaki ni vya China, na kitenge kiko kwenye orodha ya bidhaa nyeti, ushuru wake umekuwa mkubwa tangu zamani. Ila kwenye BEI una hoja kubwa. Bei ya soko la Kigoma ina faida yako, nauli na kodi ndani yake. Wakitaka kuanzia hapo, Jedwali la Nne linawataka watoe hivyo vyote kwanza ndipo wapate thamani. Wasichukue bei ya mwisho kama ilivyo.

#14 Kamanda Mitumba
Nyie mnalia bei, sisi wa mitumba tunalia kilo. Sheria yetu: asilimia 35 ya thamani au senti 40 za dola kwa kilo, KUBWA ndiyo inayotozwa. Piga hesabu, 0.40 gawanya kwa 0.35 unapata dola 1.14. Yaani kama marobota yako CIF yake iko chini ya dola 1.14 kwa kilo, ushuru wako unaamuliwa na mizani hata invoisi yako iwe safi namna gani. Robota la kilo 45 ni dola 18 za ushuru, umemaliza.

Sasa ngoja niwape ya ziwani. Mzigo ukipanda boti ukapigwa na mawimbi usiku, asubuhi robota limekunywa maji. Unalitua kwenye mizani, kamba zinachuruzika, sindano inapanda mpaka 52. Ukisema "hayo ni maji", unaambiwa mizani haisemi uongo. Nimeshaapa, siku hizi naweka turubai mbili na nylon juu yake.

#15 Gungu Boy
Kamanda, kwa hiyo umelipia ushuru wa Ziwa Tanganyika!

#16 Kamanda Mitumba
Cheka tu, ukija kununua suruali nitakuuzia na maji yake. Ila Gungu Boy, hili lina wenye kuumia nalo kweli. Wapo akina mama wenye marobota mawili matatu hapo Kibirizi waliomaliza mtaji kwa hizo kilo.

#17 Mnyamwezi Asilia
Tabora hapa, naomba nitoe kesi yangu maana inamfaa Mkamuzi.

Niliagiza vipuri vya trekta. Wakanipandishia thamani. Nikaandika maombi ya mapitio kwa Kamishna wa forodha chini ya kifungu cha 229 cha sheria hiyo hiyo, ndani ya siku 30 tangu uamuzi. Sheria inasema naye ana siku 30 za kunijibu kwa maandishi, asipojibu anahesabika amekubali maombi yangu. Nikakaa nahesabu. Siku zinakaribia kuisha, inakuja barua: "Tafadhali wasilisha nyaraka za ziada." Mimi nikasema huo si uamuzi, siku zikiisha nimeshinda. Wao wakasema saa imesimama mpaka nilete nyaraka. Mpaka leo tuko hapo, na pesa walishaichukua.

Wakili, nani yuko sahihi?

#18 Wakili wa Mwanga
Kwa maoni yangu wewe. Kifungu kinadai uamuzi na sababu zake. Barua ya kuomba karatasi haijaamua lolote. Kama kila barua ya kuomba nyaraka ingesimamisha saa, siku 30 zisingekuwa na maana yoyote.

#19 Mstaafu wa Dawati
Wakili, hapo unamchezea kamari mteja. Kamishna ataamuaje bila nyaraka alizozificha mwombaji mwenyewe? Siku zinaanza anapopokea maombi, na maombi yanatakiwa kutaja sababu zake. Maombi ya karatasi moja yenye maneno "bei yangu ni sahihi" hayajakamilika. Bodi ya Rufani za Kodi ikiona ulitumia ukimya kama mtego, sidhani kama itafurahi.

#20 Wakili wa Mwanga
Mzee, heshima kwako, lakini sheria haikusema "maombi yaliyomfurahisha Kamishna". Imesema maombi. Kama anaona hayajitoshelezi, ayakatae kwa maandishi ndani ya siku hizo. Hapo mwombaji anakuwa na uamuzi mkononi na anakwenda mbele.

#21 Mwalimu wa Kasulu
Naomba kuuliza wanasheria. Nimesikia ukitaka kupinga kodi lazima uweke kwanza theluthi moja ya kodi hiyo. Ni kweli kwa mkuu huyu?

#22 Dalali wa Kariakoo
Ni kweli, theluthi moja au ile usiyoibishia, ipi kubwa. Bila hiyo hawapokei pingamizi.

#23 Wakili wa Mwanga
Hapana, Dalali, hiyo ni Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015, kifungu cha 51, kwa makadirio ya kodi za ndani. Kifungu cha 229 cha sheria ya forodha hakitaji theluthi. Kinachotaja ni jambo ambalo Mkamuzi ameliuliza tangu mwanzo: wakati maombi yanasubiri, mwombaji anaweza kuomba mzigo uachiwe kwa kulipa kodi iliyopangwa au kuweka dhamana inayotosha. Na kifungu cha 122 kinasema karibu hilo hilo pale thamani inapochelewa kuamuliwa. Kwa hiyo jibu ni ndiyo, kuna kutoa kwanza na kugombana baadaye.

#24 Dalali wa Kariakoo
Kwenye karatasi nakubali. Ila VAT ni kodi ya ndani, inakusanywa tu mpakani. Nimeona watu wakiambiwa sehemu ya VAT ifuate sheria ile nyingine. Usimhakikishie mtu halafu akafika kaunta akakwama.

#25 Mtu wa Katosho
Na neno "anaweza" hapo linamhusu Kamishna pia. Anaweza kuachia. Halimlazimishi.

#26 Mnyamwezi Asilia
Mimi nililipa yote taslimu nikaandika "nalipa kwa kupinga". Kudai kurudishiwa kuna miezi 12 tangu ulipolipa, kifungu cha 144. Kulipa ni siku moja, kurudishiwa ni safari nyingine. Mwenye uwezo wa dhamana ya benki achukue dhamana.

#27 Gungu Boy
Haya yote yangeisha kama mizigo yetu ingekaguliwa hapa hapa Kigoma, bandari kavu ya Katosho. Mtu wa Kigoma anagombania mzigo ulioko kilomita zaidi ya elfu moja, hajawahi hata kuuona. SGR, ile reli mpya, ikifika nitakuwa naongea na ofisa uso kwa uso.

#28 Mnyamwezi Asilia
SGR itapita Tabora kwanza, ndugu zangu. Kipande cha Tabora hadi Kigoma ni kilomita 506, mkataba ulisainiwa 2022. Mtasubiri huku mnakula migebuka, sisi tutawasalimia dirishani na asali yetu.

#29 Kamanda Mitumba
Wanyamwezi na asali. Bila mawese ya Kigoma hiyo mihogo mngekula na nini? Turudi kwenye uzi jamani, mwenzetu yuko kwenye shida.

#30 Mkamuzi wa Simbo
Nimerudi. Wakala kagoma gomagoma, mwisho kaituma tansadi yote. Dalali, invoisi iliyopandishwa ni yangu kweli, 8,600, hajaibadilisha. Lakini nimeona kitu. Kwenye maelezo ya bidhaa kaandika "mashine ya mafuta ya mawese, seti 1, mpya". Mfano wa mashine haupo, uwezo haupo. Yangu inakamua kilo 300 kwa saa. Nimemtafuta mtu anayeuza hizi mashine Dar, ananiambia za tani moja kwa saa ndizo zinazocheza kwenye 13,000 mpaka 14,000 kule China.

#31 Mstaafu wa Dawati
Umeipata. Ofisa kalinganisha na tani moja kwa sababu tamko halikumwambia vinginevyo. Peleka kijitabu cha mashine na picha ya kibati chenye namba na uwezo. Omba tamko lirekebishwe. Unaweza kumaliza bila hata kufika kwa Kamishna.

#32 Dalali wa Kariakoo
Sikubali. Kama ni suala la uwezo wa mashine wangeuliza "ina uwezo gani?" Hawakuuliza. Wameona TT ya asilimia 30 wakasema huyu kaficha. Ukirekebisha tamko bila kuonyesha pesa ya Guangzhou, watakwambia sawa, ni ya kilo 300, ila bei bado hatuiamini.

#33 Mtu wa Katosho
Mimi naitazama ile nauli. Dola 1,400 kwa seti yenye tangi, na kontena kachanganya na wengine? Inawezekana kabisa nauli na bima ndizo zilizotiliwa shaka, maana nazo zimo ndani ya thamani mpaka bandari ya kuingilia. Mkamuzi, karatasi ya nauli ina jina lako au la mkusanyaji wa mizigo?

#34 Mkamuzi wa Simbo
La mkusanyaji. Mimi nina risiti yake tu.

#35 Wakili wa Mwanga
Mnaona? Watu watatu wazoefu, sababu tatu, na kila moja inaingia akilini. Ndiyo maana nilisema barua ya kudai maelezo kwanza. Mtu hawezi kupinga sababu ambayo hajaambiwa. Lakini Mkamuzi usiache siku 30 za mapitio ziishe ukisubiri maelezo hayo. Peleka vyote pamoja: maombi chini ya 229 yakiwa na kijitabu, risiti ya kiwanda, maelezo ya ndugu wa Guangzhou yaliyosainiwa, na ombi la kuachiwa mzigo kwa dhamana. Ukikataliwa una siku 45 za kwenda mbele, kwetu ni Bodi ya Rufani za Kodi, kisha Baraza, kisha Mahakama ya Rufani kwa hoja za sheria tu.

#36 Mstaafu wa Dawati
Mimi bado nasema arekebishe tamko kwanza. Akianza na mapitio, faili linahamia meza nyingine na hakuna atakayekubali kulishika mpaka litoke huko. Stoo haijui Bodi wala Baraza.

#37 Mwalimu wa Kasulu
Na ile taasisi ya Msuluhishi wa Malalamiko ya Kodi haiwezi kusaidia?

#38 Wakili wa Mwanga
Kwa ucheleweshaji na huduma mbovu, kama hili la kunyimwa maelezo, inafaa kabisa na haitozi. Kwa swali la thamani ni ngapi kisheria, njia ni ile ya Kamishna na Bodi.

#39 Mama Vitenge Manyovu
Wakili, na mimi wa madoti, wa mpakani, nikiomba maelezo kwa maandishi nitapewa? Au hiyo ni ya wenye makontena?

#40 Wakili wa Mwanga
Sheria haikutaja ukubwa wa mzigo, mama. Andika barua ukiwa bado hujaondoka kaunta, nakala moja igongwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri hakuna barua.

#41 Mkamuzi wa Simbo
Wakuu asanteni sana, wote. Kikundi kimekaa leo jioni. Tumekubaliana nipande basi, nisimtegemee wakala. Napeleka barua ya maelezo na maombi ya mapitio kwa pamoja, kijitabu cha mashine nimekichapa kurasa zote. Kilichobaki ni dhamana: benki yetu hapa mjini inataka tuweke taslimu asilimia mia ndipo itoe karatasi. Sasa hiyo na kulipa vina tofauti gani? Kuna anayejua kampuni ya bima inayotoa dhamana ya forodha kwa kikundi kisicho na hati ya nyumba?

#42 Kamanda Mitumba
Wapo wanaotoa, ila wataomba mahesabu ya kikundi na barua ya wakala. Njoo inbox.

#43 Mnyamwezi Asilia
Mkamuzi, tofauti ipo. Pesa iliyokaa benki unaifuata benki. Ile uliyolipa unaifuata kwa kifungu cha 144.